Naseeruddin Shah au Om Puri: uanze na nani?

Mpwa wangu anasomea sanaa za maonyesho Bagamoyo. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Tumeambiwa kila mtu achague mwigizaji mmoja wa nje, amfuatilie maisha na kazi zake muhula mzima. Wenzangu wote wamekimbilia Marekani, mimi nataka Mhindi. Nimchukue nani?"

Nikamjibu marahaba, kisha nikamwomba aniachie siku mbili. Amitabh Bachchan na Shah Rukh Khan niliwaweka pembeni mapema. Si kwamba hawafai. Ila yeye anasomea jukwaa, kwa hiyo anahitaji mtu aliyeanza jukwaani akaingia kwenye kamera, na ambaye safari yake inaonyesha kipi kilibadilika njiani. Nilipomaliza kupembua yakabaki majina mawili: Naseeruddin Shah na Om Puri. Akauliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Sasa mjomba, hao si kama ndugu? Tofauti yao iko wapi?"

Makala haya ni jibu lake, na la yeyote aliyechoka kuangalia picha za Kihindi za aina moja akataka kujua upande wa pili una nini.

Maana upo upande wa pili. Sisi tuliokulia kwenye picha za Kihindi tunajua kanuni zake: kuna staringi, kuna adui, kuna mvua, kuna nyimbo sita, na staringi hafi. Kumbe India kulikuwa na kundi jingine la waongozaji, kama Shyam Benegal na Govind Nihalani, ambao kuanzia miaka ya 1970 walitengeneza filamu za pesa kidogo kuhusu wakulima, vibarua, polisi na mahakama. Wahindi wenyewe waliziita sinema sambamba, kwa kuwa zilikwenda pembeni ya zile kubwa bila kukutana nazo. Humo staringi anakufa, na akibaki hai huenda ukatamani angekufa. Shah na Puri ndio nyuso mbili zilizobeba sinema hiyo.

Mmoja alikuwa na shule, mwingine hakuwa na tarehe ya kuzaliwa

Wote huandikwa kuwa wa mwaka 1950, ila huo ulingano unaishia kwenye karatasi. Na kwa Om hata karatasi haikuwepo.

Naseeruddin alizaliwa Barabanki, katika jimbo la Uttar Pradesh, mtoto wa mtumishi wa serikali. Alipelekwa shule za bweni za wamisionari, kwanza Nainital, baadaye Ajmer. Darasani alikuwa mzito, na baba yake hakulificha hilo. Kilichomwokoa ni jukwaa. Mwingereza mmoja, Geoffrey Kendal, alikuwa akizunguka shule za India na kundi lake akiigiza Shakespeare, na mtoto Naseeruddin alimwona akaduwaa. Huko Ajmer yeye na wenzake wakaigiza kipande cha The Merchant of Venice, ile ambayo sisi tunaifahamu kama Mabepari wa Venisi kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na Naseeruddin akawa Shylock. Ndipo kwa mara ya kwanza watu wakamtazama kama mtu anayeweza kitu. Akiwa bado kijana mdogo alitoroka kwenda Bombay (leo Mumbai) kutafuta ustaa, akaambulia kupita nyuma ya mastaringi kwenye filamu mbili hivi, kisha akarudishwa nyumbani. Baadaye akasoma Chuo Kikuu cha Aligarh.

Om alizaliwa Ambala, Punjab ya wakati ule (leo mji huo uko Haryana). Hakuwa na cheti. Mama yake alikumbuka tu kwamba alizaliwa siku mbili baada ya sikukuu ya Dussehra. Mjomba wake alipompeleka shule akaandikisha tarehe 9 Machi, basi. Alipokuwa mtu mzima Om akatafuta Dussehra ya mwaka 1950 iliangukia lini, akahesabu, akajipangia tarehe 18 Oktoba. Baba yake alifanya kazi reli, akatuhumiwa kuiba saruji, akafungwa. Nyumba ikaenda. Mtoto wa miaka sita, saba hivi akawa anaokota makaa ya mawe kando ya reli na kuosha vikombe kwenye kibanda cha chai. Ukubwani akiwa kibarua wa maabara ya chuo huko Patiala ndipo akaingia kwenye kundi la maigizo la Kipunjabi, Punjab Kala Manch, lililoongozwa na Harpal Tiwana.

Kwa hiyo kama mpwa wangu anatafuta habari ya mtu aliyetoka shimoni, Om hana mpinzani. Lakini nilimtahadharisha: hadithi ya umaskini ni tamu kusimulia, na ukiiendekeza utaandika kurasa kumi za makaa ya mawe na ukurasa mmoja wa uigizaji.

Mwalimu mmoja, matunda mawili

Walikutana Delhi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye Shule ya Taifa ya Maigizo, ambayo kila mtu huiita NSD. Mkuu wa shule alikuwa Ebrahim Alkazi, mzaliwa wa Pune ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara Mwarabu kutoka Saudia. Alkazi alikuwa mkali kupindukia. Mwanafunzi alijifunza kutengeneza seti, kupanga taa, kushona mavazi, kufagia jukwaa, halafu ndipo aruhusiwe kusema maneno mawili mbele ya watu.

Hapo ndipo tofauti ilipojitokeza, na inafaa kuikazia macho kwa sababu ndiyo itakayotawala maisha yao yote. Naseeruddin aliingia akiwa na Kiingereza cha bweni, Shakespeare kichwani, na hakika kwamba anajua kuigiza. Om aliingia na Kipunjabi na Kihindi. Masomo na vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, naye akafikia hatua ya kutaka kufunga mizigo arudi kwao. Hakurudi. Akawa anakwenda polepole, kimya, akifanya kila zoezi kana kwamba ataulizwa kesho. Naseeruddin mwenyewe amewahi kukiri hadharani kwamba miaka ile yeye alionyesha kile alichokuwa tayari anakiweza, huku Om akikua.

Baada ya NSD wote wawili wakaenda Taasisi ya Filamu na Televisheni huko Pune. Kwa mtu wa jukwaa, hii ilikuwa kama kuanza upya: Delhi walifundishwa kufikisha sauti hadi kiti cha mwisho, Pune wakaambiwa kiti cha mwisho kiko sentimita hamsini mbele ya pua yako. Naseeruddin huko alijitosa kwenye mgomo wa wanafunzi wa uigizaji, waliolalamika kwamba wanafunzi wa uongozaji hawawatumii kwenye filamu zao za mazoezi. Mkuu wa taasisi, mwandishi wa tamthilia Girish Karnad, alikuwa upande wa pili wa mgomo ule. Benegal alipotafuta kijana wa kucheza kwenye Nishant, ni Karnad huyohuyo aliyempa jina la mgomaji wake. Nishant ikatoka mwaka 1975, na Naseeruddin akawa na filamu mkononi. Om alisubiri hadi 1976, kwenye Ghashiram Kotwal ya Kimarathi.

Kuna kisa kimoja ambacho hakihusu sanaa ila siwezi kukiruka. Mwaka 1977, wakati Bhumika inapigwa picha, marafiki hawa walikuwa mezani mgahawani, mara mtu waliyemfahamu akaingia kwa nyuma akamdunga Naseeruddin kisu mgongoni. Om ndiye aliyemrukia yule mtu, na ndiye aliyehakikisha mwenzake anafika hospitali. Ukiwaona baadaye kwenye filamu wakichukiana, kumbuka hilo.

Jukwaa: hapa hakuna mashindano

Kama kigezo ni jukwaa, chukua Naseeruddin, funga daftari.

Mwaka 1977 yeye, Tom Alter na Benjamin Gilani walianzisha kundi la Motley. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa Waiting for Godot ya Samuel Beckett, Julai 1979, kwenye ukumbi wa Prithvi huko Juhu, Bombay. Ukumbi huo ulikuwa umefunguliwa mwaka mmoja tu kabla, na waliousimamisha ni mwigizaji Shashi Kapoor na mkewe Jennifer Kendal. Ndiyo, Kendal, binti wa yule Mwingereza aliyemduwaza mtoto wa Nainital. Ukumbi wenyewe ni mdogo, viti kama mia mbili, watazamaji wamezunguka pande tatu. Ukikohoa, mwigizaji anakusikia.

Motley haijafa. Hilo ndilo la kushangaza. Makundi ya maigizo hufa kama nzi, mpwa wangu atalijua hilo akihitimu, lakini hili limevuka miaka arobaini. Pesa za filamu za kibiashara zililipa kodi ya jukwaa. Kuna Ismat Apa Ke Naam, ambamo Naseeruddin, mkewe Ratna Pathak Shah na binti yake Heeba kila mmoja anasimama peke yake na kusimulia hadithi nzima ya mwandishi wa Kiurdu Ismat Chughtai. Hakuna seti ya maana, hakuna kubadili mavazi, mtu na hadithi tu. Sisi wa pwani tuliokua na hadithi za bibi tunaelewa ugumu wake: msimuliaji lazima awe watu wote bila kuacha kuwa yeye mwenyewe. Kuna Einstein, mchezo wa mtu mmoja. Kuna Mahatma vs Gandhi ya Feroz Abbas Khan, ambamo alicheza Gandhi aliyeshindwa kuwa baba.

Na hiyo ya Gandhi ina utani wake. Richard Attenborough alipokuwa anatafuta mtu wa kucheza Gandhi, Naseeruddin alijaribiwa akakosa. Nafasi ikaenda kwa Ben Kingsley. Aliyeingia kwenye filamu ile ya 1982 ni Om, kwa dakika chache tu, kama Mhindu mwenye damu mikononi anayemrushia mkate Gandhi aliyefunga, akimwambia ale. Ukiniuliza nakumbuka nini kwenye filamu nzima ya saa tatu, nitakutajia dakika zile.

Om naye hakulidharau jukwaa. Alikuwa na kundi lake Bombay, Majma, na uzeeni alirudi kuigiza kwa Kipunjabi katika Teri Amrita pamoja na Divya Dutta, wawili wamekaa wanasomeana barua. Lakini tusidanganyane, jukwaa lilikuwa nyumba aliyozaliwa, si nyumba aliyoishi.

Uso na ulimi

Sasa tuje kwenye filamu, ambako mambo yanakuwa magumu.

Naseeruddin huigiza kwa kufikiri mbele yako. Unaiona fikra inaingia, inageuzwa, inakataliwa, halafu neno linatoka likiwa limechelewa kidogo. Mwangalie kwenye Sparsh, alikocheza mkuu wa shule ya wasioona ambaye mwenyewe haoni. Kutoona kwa mtu huyo hakukumshughulisha kama ujeuri wake: jinsi anavyochukia kusaidiwa, anavyomimina kahawa mwenyewe ili mgeni aaibike. Hiyo ilimpa Tuzo ya Taifa ya kwanza. Kwenye Paar ya Goutam Ghose, yeye na Shabana Azmi ni mume na mke waliokimbia kijiji, hawana nauli, wanakubali kuvusha kundi la nguruwe mto mpana kwa kuogelea, naye mke ni mjamzito. Tukio la mto linachukua muda mrefu kiasi kwamba unaanza kuhema nao. Kwa kazi ile alipata Tuzo ya Taifa nyingine na kombe la mwigizaji bora kwenye tamasha la Venice mwaka 1984.

Om huigiza kwa kubeba. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui, na kwenye sinema ya Bombay ya wakati ule uso wa namna hiyo ulikuwa wa jambazi namba tatu, yule anayepigwa ngumi ya kwanza akaanguka. Yeye akaufanya uwe ramani. Kwenye Ardh Satya ya Nihalani, mwaka 1983, ni afisa wa polisi Anant Velankar, mtoto wa polisi katili, ambaye anataka kuwa mwadilifu katika kituo ambacho wanasiasa wana funguo zake. Hasira haimtoki mdomoni. Inaanzia kwenye taya, inashuka mabegani, inafika mikononi, na siku inapofika mikononi mtu anakufa. Ndani ya filamu hiyohiyo Naseeruddin ana nafasi ndogo ya Mike Lobo, polisi aliyefukuzwa, mlevi anayeomba hela ya pombe. Velankar anamtazama Lobo kama mtu anayetazama picha yake ya mwaka ujao.

Tuzo za mwaka ule ni kichekesho. Serikali ilimpa Om Tuzo ya Taifa kwa Ardh Satya, ya pili baada ya Arohan. Filmfare, ambayo ni tuzo ya tasnia yenyewe, ikaipa Ardh Satya filamu bora na mwongozaji bora, lakini mwigizaji bora ikampa Naseeruddin kwa Masoom, filamu tamu ya familia kuhusu mwanaume anayeletewa mtoto wa nje. Masoom ni nzuri. Sitagombana na mtu. Ila mimi ningempa Om.

Televisheni nayo iliwagawa vivyo hivyo, mwaka mmoja 1988. Naseeruddin akawa mshairi katika Mirza Ghalib ya Gulzar, na kama una sikio la Kiurdu, au hata la mashairi yetu ya pwani tu, utafaidi jinsi anavyoushika mshororo na kuuachia. Om akawa Nathu katika Tamas ya Nihalani, mchuna ngozi anayelipwa kumuua nguruwe mmoja bila kuambiwa ni wa nini. Kesho yake mzoga umetupwa kwenye ngazi za msikiti, na mji wa Punjab ya mwaka 1947 unaanza kuwaka. Nathu anatembea ndani ya moto ule akijua ni yeye, na hana wa kumwambia.

Mmoja alipewa mshairi, mwingine mchuna ngozi. Hata waongozaji walikwishajua.

Tsavo, Salford na vituo vingine

Hapa kuna jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Yule kijana aliyetaka kuacha shule kwa sababu ya Kiingereza ndiye aliyekuja kufanya kazi nyingi zaidi kwa Kiingereza.

Pengine ulishamwona Om bila kumjua. The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996 inasimulia simba wawili waliosimamisha ujenzi wa daraja la mto Tsavo mwaka 1898, wakati reli inatoka Mombasa kuelekea Uganda. Val Kilmer ni mhandisi, Michael Douglas ni mwindaji, na Om ni Abdullah, msemaji wa vibarua wa Kihindi, anayekataa kunyamaza watu wake wanapoliwa. Wakenya wamecheka sana kuhusu filamu ile, na wana haki: ilipigwa Afrika Kusini, simba wake wana manyoya shingoni ilhali wale wa kweli hawakuwa nayo (wapo hadi leo, wamekaushwa, kwenye jumba la makumbusho la Field huko Chicago). Lakini mtazame Om peke yake. Vibarua zaidi ya elfu thelathini waliletwa kutoka India kujenga reli ile, wengi wao Wapunjabi. Na aliyesimama badala yao ni Mpunjabi, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyeokota makaa kando ya mataruma. Sijui kama waliompa kazi ile walilifikiria hilo.

Kabla ya hapo alikuwa mvuta riksho wa Calcutta kwenye City of Joy (1992). Mwaka 1997 akawa dereva teksi wa Bradford, Uingereza, katika My Son the Fanatic, na mwaka 1999 akawa George Khan katika East Is East: Mpakistani mwenye duka la chipsi na samaki Salford, mke Mwingereza, watoto wengi wasiotaka kuozwa. George anachekesha, kisha anapiga, na kicheko chako kinakukwama kooni. Aliteuliwa kuwania BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, na mwaka 2004 Waingereza wakampa nishani ya heshima ya OBE.

Naseeruddin huku alipita haraka. Alikuwa Kapteni Nemo kwenye filamu moja kubwa ya Hollywood ya 2003 ambayo hata yeye haisifii. Lakini Monsoon Wedding usiikose. Mwongozaji ni Mira Nair, ambaye Waganda wanamfahamu kwa Maisha, mafunzo ya filamu aliyoanzisha Kampala. Naseeruddin ni baba wa bi harusi wa Delhi, anahesabu gharama za mahema na kulalamika kuhusu wapishi, mpaka siku anapolazimika kuchagua kati ya heshima ya ukoo na mtoto aliyeumizwa. Ilishinda Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 2001.

Kazi za mkate

Wote walichukua picha za biashara, na nisingemshauri mwanafunzi aziruke kwa kujiona msomi. Naseeruddin kwenye Tridev anacheza na kuimba kwa raha ambayo huitegemei kwa mtu wa Beckett. Kwenye Mohra ya 1994 ni tajiri asiyeona ambaye mwishoni unagundua anaona vizuri sana, na ndiye adui mwenyewe. Iangalie siku moja na Sparsh: mtu mmoja, kipofu wa kweli na kipofu wa uongo, uone anachobadilisha machoni.

Om yeye alikimbilia vichekesho. Hera Pheri, Chachi 420, Malamaal Weekly. Nyingine zisizofaa hata kutajwa. Alikuwa na nyumba ya kulisha. Katika Jaane Bhi Do Yaaro (1983), iliyotengenezwa kwa vijisenti vya shirika la filamu la serikali, wote wawili wamo: Naseeruddin mpiga picha fukara, Om mkandarasi mlevi anayezungumza na maiti ndani ya jeneza akidhani ni dereva aliyeharibikiwa na gari. Anajitolea kulivuta. Nimeangalia mara saba.

Basi mpwa achukue nani?

Kama unatafuta namna ya kuishi ndani ya kazi hii miaka hamsini bila kuoza, chukua Naseeruddin. Ana kundi, ana kitabu cha maisha yake, And Then One Day cha mwaka 2014, ambacho hajipendelei ndani yake, na bado yupo. Mei 2024 alikuwa kwenye tamasha la filamu la Cannes wakati Manthan ilipoonyeshwa upya baada ya kukarabatiwa, filamu ya 1976 ambayo wafugaji laki tano wa Gujarat walichanga rupia mbili mbili kuigharimia. Atakupa mambo ya kuandika kila wiki, na mengine ya kubishana naye, maana ulimi wake hauna breki.

Kama unatafuta jinsi mwili unavyoweza kusema wakati maneno yamekatazwa, chukua Om. Lakini ujue utafanya kazi bila msaada wake. Alifariki ghafla nyumbani kwake Mumbai tarehe 6 Januari 2017, akiwa na miaka 66. Kilichobaki ni filamu, na nyingi kati ya hizo zimejaa watu wengine, inabidi umtafute.

Kama unataka tu kuonja jioni moja, weka Maqbool ya 2003, Macbeth iliyohamishiwa kwa majambazi wa Mumbai. Wale wachawi watatu wamegeuzwa polisi wawili wala rushwa wanaopiga ramli. Ni hao hao, wazee sasa, wanakula, wanatania, wanatabiri vifo.

Nilipomaliza kuandika haya sikumtumia mpwa mara moja. Nilimtumia kwanza Aakrosh, filamu ya Nihalani ya mwaka 1980. Naseeruddin ni wakili kijana, Om ni mtu wa kabila la msituni anayeshtakiwa kumuua mkewe. Wakili anazungumza filamu nzima: anauliza, anabembeleza, anapaza sauti. Mshitakiwa hasemi. Anamtazama tu, karibu mpaka mwisho. Sikumwambia amtazame yupi.

Alipiga simu saa tano usiku. "Mjomba, yule asiyesema. Yule. Ndiye yupi kati ya wale wawili?"

Nikamwambia. Nikaongeza kwamba mwaka ule Filmfare ilimpa yule asiyesema tuzo ya mwigizaji msaidizi. Ya mwigizaji bora alichukua wakili.

Akanyamaza kidogo. "Basi nitaandika hiyo," akasema.